Friji Uliyomletea Mama

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa kaka yangu,

Habari za huko na kazi ya ghala? Mgongo umepoa, au bado unabeba magunia kama una miaka ishirini? Sisi wazima, presha ya mama imetulia, ila nyumba haina amani.

Mkeo anataka kuondoka. Nakwambia moja kwa moja kwa sababu najua yeye hakuambii. Tangu umeme uanze kumeza nusu ya pensheni ya mama, kila uniti zikiisha macho yote ni kwenye pasi yake ya ushonaji. Juzi mama alimwambia mbele ya wateja kwamba ananyoosha nguo za watu kwa jasho la mjane. Wifi alikunja kitambaa, akatoa begi. Ijumaa anarudi kwao na mtoto.

Nilikasirika. Miaka kumi na moja nafundisha hesabu, halafu nyumbani kwetu mtu anahukumiwa kwa kukisia. Nikachukua daftari. Pasi ni wati elfu moja, anaitumia saa moja kwa siku: uniti moja, basi. Nyumba nzima inakula nane. Jana nikazima kila kitu, nikaacha friji peke yake kwa muda wa saa nne, nikasoma mita kabla na baada. Uniti moja kamili. Kwa siku ni sita, kwa mwezi mia na themanini.

Ndiyo, kaka, friji ile ile uliyomletea mama. Mpira wa mlango umekatika, baridi yote inatoka nje, mota haipumziki.

Nilimwonyesha mama. Akavaa miwani, akapitia mstari kwa mstari, akakiri hesabu haina kosa. Halafu akasema, "Friji ya mwanangu haizimwi. Yeye apunguze pasi."

Fundi anasema mpira unabadilishika, lakini mama hataki mtu aiguse. Ningekupigia simu, ila ungenikatiza. Nimetaka uzione hesabu kwa macho yako. Dereva wa lori atakufikishia barua hii Jumanne. Ukishasoma tu, mpigie mama, kabla hata ya mkeo.

Shangazi anakusalimu sana. Binti yako amejifunza kuandika jina lako, analiandika hadi ukutani. Mungu akulinde, akakupe na ulimi wa kuongea na mama.

Wifi nilimuuliza kama ana salamu. Alisema nikuandikie hesabu tu, zinatosha.

Dada yako akupendaye,
Mwalimu