Karata ya Mbili

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko? Masikio yanaendeleaje? Nimekupigia simu mara mbili, na mara zote umenijibu, "Kama ni kitambaa, kilete dukani," kwa hiyo nimeona nirudi kwenye kalamu. Mimi mwili haujambo. Nakula, nalala, na vile viatu ulivyosema havitamaliza mwezi bado vinanivumilia.

Ila kazini mambo si shwari. Uliwahi kuniuliza tunapimaje kazi isiyoshikika mkononi. Baba, hatuipimi kwa siku wala kwa saa, tunaipima kwa pointi. Kila mtu ana karata zenye namba: moja, mbili, tatu, tano, nane, kumi na tatu. Mmoja anasoma kazi, tuseme kurekebisha fomu fulani ndani ya programu, halafu tunahesabu hadi tatu na kufunua karata zote kwa pamoja, ili mtu asichungulie ya mwenzake. Kazi nyepesi ni moja, kazi ya kuumiza kichwa ni kumi na tatu. Namba zikipishana, mwenye ndogo na mwenye kubwa wanaeleza sababu zao. Ni utaratibu mzuri. Uliwekwa utusaidie sisi wenyewe kujua wiki mbili zinabeba mzigo kiasi gani.

Sasa amekuja meneja mpya. Ametundika ubao ukutani, kila mtu na jumla ya pointi alizomaliza. Walio juu wanapewa ruhusa ya kutoka mapema. Atakayekuwa chini kabisa mwisho wa Aprili atafute kazi kwingine. Tangu siku hiyo karata zimevimba. Kazi ya mbili inaitwa tano, ya tano inaitwa nane, na wote wanafunua namba ileile kwa sababu wameshanong'onezana wakati wa chai. Mimi naonyesha namba za kweli, na mimi ndiye wa mwisho ubaoni.

Mama Pacha, yule dada aliyenitafutia kazi hii na kunifundisha kila kitu, meza yake imegusana na yangu. Ananiambia, "Mdogo wangu, ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho." Nifanye nini, baba? Nivimbishe kama wao, au niseme kweli nifukuzwe?

Mwanao.


15 Februari

Mwanangu, mama yangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta mzima, isipokuwa haya masikio, ambayo yamestaafu bila kuniaga. Cherehani nayo inakohoa kidogo, lakini inakwenda.

Nimekusoma mara tatu. Mara ya kwanza nilishika kichwa: miaka yote ile ya shule, kumbe mtoto amekwenda kucheza karata ofisini! Mara ya pili nikaelewa. Kwetu kukunja upindo ni moja, suti ya vipande vitatu ni kumi na tatu, na yule anayeleta gauni la ujana wake nilipanue limkae tena, huyo karata yake haijachapwa.

Ushauri wangu ni mmoja tu. Sema kweli. Njia ya mwongo ni fupi. Nimekaa kwenye hiki kiti miaka thelathini na miwili, na sijawahi kumwambia mteja Jumamosi huku najua ni Jumatano. Ndiyo maana unaniona nipo. Wenzangu waliokuwa wakidanganya wamefunga maduka. Funua karata yako mbele ya watu wote na usiogope macho yao. Huyo Mama Pacha nampenda kwa wema aliokutendea, lakini jicho lako usilivunje kwa ajili ya mtu.

Msalimie yeye na hao pacha wake.

Baba yako.


3 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini cherehani imepona kikohozi. Mimi mzima.

Nimefanya ulivyosema. Jana tulikaa kupima kazi, na meneja mwenyewe akaja kutazama. Ikasomwa kazi ya kuongeza kisanduku cha namba ya simu kwenye fomu ya wateja. Kazi hiyo naijua, mwezi uliopita nilifanya kama hiyo kwenye fomu nyingine na nikaimaliza kabla ya chai. Tukahesabu hadi tatu. Nane, nane, nane, nane, nane. Mimi mbili.

Kwa utaratibu wetu, mwenye ndogo aeleze na mwenye kubwa aeleze. Mimi nikaeleza, na sauti haikutetemeka, ungefurahi. Kisha meneja akasema upande wa nane aeleze yule atakayepewa kazi yenyewe. Sikuwa nimelifikiria hilo, baba. Kazi ilikuwa ya Mama Pacha.

Alisimama. Akatazama karata yake kama aliyepewa na mtu asiyemjua. Akasema, "Nimekosea." Meneja akanigeukia akatabasamu. "Angalau tuna mtu mmoja mkweli humu ndani," alisema.

Mama Pacha hakuniaga alipotoka jana. Labda alikuwa na haraka tu. Leo hajafika bado.

Mwanao.


12 Machi

Mwanangu,

Marahaba, marahaba mara mia. Mimi mzima kabisa, na leo hata masikio nimeyasamehe.

Barua yako nimemsomea muuza vifungo wa duka la pili, nimemsomea mwalimu aliyeleta suruali, na mama mmoja aliyekuja kuuliza njia tu naye sikumwachia. Nimewaambia: huyu ndiye mwanangu. Kasimama peke yake mbele ya nane tano! Mwalimu amesema malezi hayo. Nikajifanya sisikii ili arudie.

Huyo dada yako atanuna siku mbili tatu, kisha atakushukuru. Nijibu upesi.

Baba yako mwenye fahari.


20 Aprili

Mwanangu,

U hali gani? Mimi nipo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Nimempa muuza vifungo simu akupigie kwa niaba yangu, anasema inaita mpaka inachoka. Kama unaumwa sema, nitafunga duka nije. Kama nimekukosea, sema pia.

Baba.


9 Mei

Baba,

Shikamoo. Siumwi. Nisamehe kwa kimya. Nilikuwa nikiandika mistari miwili nachana.

Baada ya kikao kile, meneja alichukua kazi zote za Mama Pacha tangu Januari akazipitia moja moja. Nane zake zilikuwa mbili, tano zake zilikuwa moja. Za wengine hazikuguswa, ingawa wote walivimbisha na kila mtu anajua. Ni yeye peke yake aliyesimama akasema amekosea. Wiki mbili baadaye alifungasha vitu vyake kwenye boksi la karatasi za kuchapia. Mpaka leo wengine wanafunua nane zao bila wasiwasi, ila mimi nikiingia wanapunguza sauti.

Mimi sikufukuzwa, baba. Nimepandishwa. Sasa ndiye ninayekagua karata za wenzangu kabla hazijaandikwa ubaoni. Kila mmoja akifunua namba ananitazama mimi, si kazi.

Wiki iliyopita nilikwenda kwake. Kumbe mmoja wa wale pacha miguu yake haina nguvu tangu kuzaliwa. Kila siku saa tisa alasiri lazima awe hospitali kwa mazoezi ya viungo, na yule mwenzake hawezi kuachwa peke yake. Hakumwambia mtu ofisini, kwa sababu meneja alikwisha sema mwenye matatizo ya nyumbani ayaache nyumbani. Njia ya kutoka mapema ilikuwa moja tu: kuwa juu ubaoni. Zile nane zake ndizo zilizokuwa zikimpeleka mtoto hospitali. Na mazoezi yalikuwa yakilipiwa na bima ya kazini. Bima imekatika siku aliyobeba boksi.

Alinifungulia mlango lakini hakunikaribisha ndani. Nilimwona mtoto sakafuni, ameegemea mto. Mama Pacha akasema, "Mwezi wa pili alikuwa ameanza kusimama kwa kushika kiti. Sasa hata kiti hakitaki."

Nilingoja aniambie asante ya punda ni mateke. Nilikuwa tayari kwa hilo. Hakusema. Alisema, "Mdogo wangu, meza yako na yangu zilikuwa zinagusana. Ungeniambia tu, 'Dada, kesho nitafunua mbili.' Na mimi ningefunua mbili. Basi."

Kisha akafunga mlango, taratibu, asimwamshe yule mwingine.

Sijui nikuambie nini zaidi. Ulisema atanishukuru.

Mwanao.


21 Mei

Mwanangu, mama yangu,

Marahaba. Sikuulizi hali, nimeiona.

Nimekaa na barua yako siku sita. Duka nimelifungua, lakini sijashona kitu. Kuna jambo lazima nikuambie, na nikilikalia nitakuwa nimekudanganya mara ya pili.

Nilikuandikia kwamba sijawahi kumwambia mteja Jumamosi nikijua ni Jumatano. Mwanangu, sijawahi kufanya kitu kingine. Mtaa mzima unaniita Fundi Kesho. Kuna bibi harusi nilimkunjia upindo akiwa amekwisha livaa gauni, wageni wanamngoja, nami niko chini sakafuni na pini mdomoni nikimwambia bado dakika moja. Ukimtajia mteja siku ya kweli anachukua kitambaa chake anakwenda kwa fundi wa jirani, ambaye anadanganya. Nilidanganya ili duka lisifungwe. Wale wenzangu waliofunga maduka ndio waliokuwa wakisema kweli.

Kwa nini basi nikakuambia uongo ule? Kwa sababu ulipouliza, ulinifanya niwe baba wa kuulizwa. Nikataka uwe na baba aliye mkweli, hata kama ni kwenye karatasi tu. Nilikutuma uende mahali ambapo mimi mwenyewe sikuthubutu kukanyaga. Sasa mtoto wa watu amekaa sakafuni kwa ajili ya maneno yangu.

Acha kazi hiyo urudi nyumbani. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Na huyo dada, mwandikie, mwambie kosa ni la mzee mmoja fundi cherehani. Nenda tena mlangoni kwake. Nenda hata mara kumi. Akifunga, kaa nje. Mtu aliyekupenda hawezi

Nimeacha hapo. Naona naanza tena.

Baba yako.


30 Mei

Baba,

Shikamoo.

Nilijua. Umesahau nani alikuwa akitumwa nje kuwaambia wateja kwamba baba hayupo, nawe umejificha nyuma ya pazia na mkasi mkononi? Nilikuwa na miaka saba. Nilisoma barua yako ya Februari, nikafika kwenye ile Jumamosi na Jumatano yako, nikacheka peke yangu. Nilijua ni uongo, na bado nikaushika.

Kwa hiyo usijibebeshe yote. Mimi sikufunua mbili kwa sababu naipenda kweli. Nilifunua kwa sababu nilikuwa wa mwisho ubaoni na meneja amesimama pale. Nilikuwa naogopa. Barua yako ilinipa jina zuri la kuiita hofu yangu, nikamwambia kila mtu, na wewe pia, kwamba ni ukweli. Na hilo la kwamba kazi ilikuwa ya Mama Pacha, nilikuandikia kwamba sikulifikiria. Baba, meza yangu na yake ziligusana miaka minne. Nilijua kazi zote za fomu ya wateja ni zake.

Nimekwenda mlangoni kwake mara tatu tangu pale. Mara ya tatu walikuwa wamehama. Jirani hajui wamekwenda wapi, au anajua na ameambiwa asiniambie mimi.

Sirudi nyumbani. Kila nikifikiria kukaa dukani kwako nikikutazama, nachoka. Nikuombe kitu kimoja tu: usinishauri tena. Si kuhusu kazi, si kuhusu yeye, si kuhusu chochote. Wala usinisifu. Salamu zako nitazipokea. Zaidi ya hapo sitaweza kusoma.

Mwanao.


11 Juni

Mwanangu,

Marahaba.

Natumaini u mzima. Mimi mzima. Masikio ni yaleyale. Cherehani inakwenda. Huku mvua imepungua na kumeanza baridi kidogo asubuhi. Muuza vifungo anakusalimu. Mwalimu naye anakusalimu, suruali yake bado haijaisha.

Karatasi ina nafasi kubwa bado, ila niliyoruhusiwa yamekwisha.

Baba yako.