Mbwa Anayekimbilia Getini

Mwanangu,

Sisi wazima, ila cherehani yangu imeanza kukohoa. Lakini mbwa wako mzee amenichanganya. Tangu baba yako alete mbwa mdogo, huyu mzee hali vizuri, na kila mara anakimbilia getini, anachungulia barabara, kisha anarudi kichwa chini. Daktari wa mifugo kasema haumwi.

Juzi nikagundua kwamba hukimbilia huko kila baba yako anapomwita yule mdogo. Amempa jina lako la utani, Kijiko.

Nikamuuliza, "Baba watoto, majina yameisha duniani?"

Akajibu, "Mdomo umelizoea hilo."

Tangu mlipogombana ukaondoka, mwaka mzima hajakutaja! Sijui nicheke au nilie, wala nimjibu nini mbwa anaporudi kunitazama.

Mimi mama yako