Ngoja Kwanza Harusi Ipite

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Kifua kinaendeleaje? Sisi wazima, ila cherehani inanisumbua na mguu nao umeamua kuisaidia. Binti yangu na mumewe wanakusalimu.

Nimesikia umelazwa tena. Mtu anayemeza dawa za virusi kila siku haumwi hivi. Nakujua wewe, tangu utoto ulikuwa unaficha vidonge chini ya ulimi, mimi ndiye niliyekuwa nakubana pua. Unazitupa, sivyo? Basi sitakuja kumuuguza mtu anayejiua kwa uzembe.

Dada yako

19 Februari

Dada,

Shikamoo. Pole na mguu. Mimi nimerudi karakana. Bosi ameniondoa kwenye kuchana makochi ya zamani kwa ajili ya vumbi, sasa napigilia vifungo na kunywa chai kama mstaafu.

Dada, dawa nameza. Kila nikipimwa, virusi havionekani. Tatizo ni kinga yenyewe. Daktari anasema virusi vimelala, lakini askari wa mwili waliokufa hawajarudi, na wapo watu ambao hawarudi wote hata wameze dawa vizuri namna gani. Ndiyo maana kila ugonjwa unaopita mtaani unaweka kambi kwangu. Amenipa na vidonge vingine vya kuzuia maradhi.

Usininunie. Ukininunia nakosa usingizi kuliko nikikohoa.

Mdogo wako

2 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Nilikwenda kwa daktari wa mtaa wa pili, nikamuuliza bila kukutaja kwa nini askari wa mtu wasirudi. Akasema sababu ziko nyingi, ila kubwa ni kuanza dawa umechelewa, mwili umeshaharibika.

Ulipopima kule kazini, ukiwa bado unaishi nasi, ukaja na majibu, ni mimi niliyekwambia, "Ngoja kwanza harusi ipite." Muuguzi wa kliniki yetu ndiye mama wa bwana harusi, nikaogopa wakijua watavunja uchumba wa binti yangu. Harusi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, nawe ukangoja huku unakonda. Suti niliyokushonea niliipunguza mara mbili. Niliipunguza kwa mikono yangu, nacheka, nasema wakwe zetu watadhani tunakunyima chakula!

Ni mimi niliyekufanya hivi? Nijibu ndiyo au hapana.

Dada yako

27 Mei

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya. Nililazwa tena, safari hii mapafu, na kuna siku hata kalamu ilikuwa nzito. Barua yako ilikuwa chini ya mto wangu muda wote.

Daktari anasema hakuna anayeweza kuapa. Wapo walioanza mapema na kinga yao ikagoma vilevile. Lakini kuchelewa kumechangia. Ndiyo, dada. Nilijua siku nyingi, nikanyamaza usije ukaumia. Ila uliposema nazitupa dawa, nilikasirika sana, nisikufiche.

Na mimi nilikuwa mtu mzima mwenye miguu yake. Ningeweza kwenda kliniki nyingine siku ile ile, badala ya kusubiri mpaka nilipohamia huku. Niliona aibu kama wewe.

Karakana siiwezi tena. Nataka kurudi nyumbani. Kliniki ni ile ile na muuguzi ni yule yule. Nije, au tungoje tena?

Mdogo wako

5 Juni

Mdogo wangu,

Shikamoo yako nimeipokea, lakini kuitikia marahaba naona haya.

Jana nilikwenda kliniki. Nilikaa benchi la mbele kabisa, kila anayepita ananiona. Mkwe aliponiita ndani nikamwambia, "Nina mdogo wangu, anarudi nyumbani, atachukua dawa zake hapa." Nilidhani atashtuka. Akashika kalamu tu, akaniuliza ulianza dawa lini. Nikamwambia. Akauliza ulipima lini. Nikamwambia.

Akaweka kalamu chini. "Jamani mkwe, mbona mlichelewa hivyo? Angekuja kwangu ningemwanzishia siku ile ile, na hata mume wangu asingejua."

Nikamwomba akufungulie faili.

Chumba chako nimeshakifagia. Njoo, usingoje chochote.

Dada yako