Ukungu wa Mto Kongo

Mjukuu wangu Furaha,

Pokea salamu za Yeoville, hapa Johannesburg. Mama yako anaendelea na saluni. Mimi miguu tu inanisumbua. Unauliza nyumbani kwetu ni Kisangani au hapa Johannesburg. Eish, ngoja nikusimulie kitu.

Nilipokuwa msichana, mimi na mama tulikuwa tukivuka mto kwa mtumbwi kuuza sombe, yale majani ya muhogo, sokoni ng'ambo. Asubuhi moja ukungu ulitufunika. Tulipiga kasia mpaka tukagusa ufuko, mama akamuuliza mwanamke mmoja njia ya sokoni. Yule akamkazia macho.

"Mama Aziza, unaumwa? Mimi si jirani yako?"

Tulikuwa tumerudi kulekule tulikotoka.

Siku hizi mtu akinisalimu kwa Kiswahili barabarani, nasimama kwanza nimtazame. Miaka yote hii Johannesburg, na bado sina hakika kama nilivuka.

Bibi yako, Koko