Bakari alivyonichongea kwa Mama

Garsen, Jumamosi, Agosti 1998

Na bado amekaa pale uani anakunywa chai ya Mama kana kwamba hakufanya kitu. Bakari, mtoto wa mjomba, aliyekuja likizo kutoka Mombasa na ubao wake wa magurudumu.

Wiki mbili amenifundisha kuupanda. Wiki mbili nimeanguka kwenye saruji ya lile ghala tupu, magoti yamechubuka, kiwiko kimevimba, na yeye anacheka.

Leo sikuanguka. Nilisukuma kwa mguu mara tatu, nikasimama, nikateleza kutoka mlangoni mpaka mwisho wa saruji. Watoto wa jirani waliokuja kutazama wakapiga makofi. Bakari akasema, "Lete, nikuonyeshe." Akapanda kwa mbwembwe, ubao ukamponyoka, akaanguka chali mbele yao wote. Walivyomcheka!

Akatangulia nyumbani. Nilipofika, Mama alikuwa ananingoja.

"Habiba, ni kweli unapanda ule ubao mbele ya wanaume?"

"Walikuwa watoto tu, Mama. Na Bakari ndiye aliyenifundisha."

Mama akamgeukia. "Wewe ulimfundisha?"

"Hapana, shangazi. Aliuchukua tu mwenyewe."

Alisema hivyo huku ananitazama. Mama akamwamini. Kesho ananipeleka Kulesa kwa bibi kufukuza ndege kwenye mpunga, mpaka shule zifunguliwe.

Nimelia, lakini si kwa sababu ya Kulesa. Ningekuwa bado naanguka, Bakari angeendelea kunifundisha.