Sahihi Yangu Mwenyewe

Bwera, Jumatano

Mume wangu Shakib,

Salamu nyingi. Mvua imeanza, na mama yako ametuletea maharage kutoka Maliba.

Nimepata kibarua cha kugawa maswali kwa madaktari, kupima wanavyoijua sheria ya kazi yao. Swali moja lilisema: nani atie sahihi mama akihitaji upasuaji? Daktari mmoja akajibu, "Mumewe." Mwenzake akamkatalia, "Hapana, ni mama mwenyewe, kama ana fahamu."

Nikakumbuka uchungu wangu wa uzazi, Shakib. Siku ile hospitalini walikungoja wewe ufike kutoka Beni utie sahihi nipasuliwe, mtoto wetu akafia tumboni. Kumbe ningeweza kutia sahihi mimi. Kosa halikuwa lako, acha kujilaumu na kujificha huko Kongo. Kila lori likivuka mpaka natoka nje kutazama.

Mkeo anayekutamani,
Asmah