Chapati za Mtama za Nyamongo

Shikamoo Mama,

Huku Nyamongo kila mtu anazungumzia dhahabu, mimi natafuta chakula kisicho na ngano. Unavyomjua Rhobi wangu, akionja tu tumbo linavimba. Jana kwenye kibanda cha wachimbaji nilimweleza mpishi. Hakunicheka. Alisogeza mbali unga wa ngano, akaosha mikono hadi viwiko, akatoa frampeni mpya, akakanda unga wa mtama na muhogo kwa maji ya moto. Wachimbaji wakalalamika njaa.

"Ngojeni! Huyu mtoto ngano inamuumiza," akawaambia. Wakangoja.

Rhobi alikula tatu, akaniuliza, "Mama, kumbe chapati ndiyo hii?" Nikalia mbele za watu. Leo ameamka mzima.

Tunakukumbuka. Magoti yasikusumbue.

Binti yako, Gati